Katibu Lu na Maneno Aliyoniachia Garini

Vijana mnaoendesha wageni hapa London, hasa ninyi wa kanisani kwetu Tottenham mnaonizunguka baada ya ibada kuniuliza nilimbeba nani na nani, nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka kuwajibu mlangoni huku mke wangu ananivuta koti tuwahi basi. Nimeendesha wageni miaka ishirini na sita. Nimebeba mawaziri, nimebeba mwimbaji aliyelia kutoka uwanja wa ndege mpaka hotelini, nimebeba bwana harusi aliyebadili mawazo tukiwa kwenye taa nyekundu. Hayo ni ya kuchekea. Hili ninalowaandikia lina kicheko kidogo mwanzoni tu.

Aliyenipa kazi ni Mzee Pravin, Mhindi aliyezaliwa Tanga, akahamia huku akiwa kijana na kufungua ofisi ya magari ya kukodi pale Kingsbury, juu ya duka la vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi mtu wa Makambako. Siku ya kwanza hakutaka hata kuona leseni yangu. Alijaza chai kwenye kikombe mpaka ukingoni, akakiweka juu ya dashibodi mbele yangu, akaniambia nimpeleke Wembley na kurudi. Nilirudi na suruali imelowa. Akaniambia niende nyumbani, nije kesho na suruali nyingine. Wiki mbili zilipita kabla chai ile haijatulia.

Mengi niliyowahi kuwaambia ni ya kwake. Gari likisimama vizuri, abiria hajui limesimama mpaka aone jengo. Usijipake manukato, maana mtu aliyekaa ndani ya ndege kwa saa kumi na mbili tumbo lake halina subira. Jua mlango wa nyuma wa kila hoteli, na ujue jina la mlinzi wake. Kioo cha nyuma ni cha kuangalia barabara, si cha kuangalia sura ya mtu. Na juu ya yote, alilolisema kila asubuhi kama sala: "Sanga, dereva mzuri ana macho manne, lakini sikio hana hata moja."

Wachina nilipewa kwa sababu ya uongo wangu. Siku moja ofisi ilipata kazi ya ujumbe kutoka China, Mzee Pravin akauliza nani anajua Kichina, nikanyoosha mkono. Baba yangu alifanya kazi na Wachina waliojenga reli ya kwenda Zambia, na mimi nilikulia karibu na kambi yao kule Mlimba. Kichina changu kilikuwa maneno matano: kula, maji, haraka, rafiki, na lile walilopiga kelele kabla ya kulipua mwamba. Hilo la mwisho sikuwahi kulihitaji London.

Basi nikaenda uwanja wa ndege na kibao chenye jina la mgeni kwa maandishi ya Kichina. Nilisimama pale nusu saa nzima. Wachina wakanipita makundi kwa makundi, wengine wanatabasamu, mmoja akanipiga picha. Mwishowe akaja mtu mrefu mwembamba, kabeba begi lake mwenyewe, akasimama mbele yangu, akakishika kile kibao mkononi mwangu na kukigeuza. Nilikuwa nimekishika juu chini. Jina lilikuwa lake.

Nitamwita Lu. Si jina lake, na mji wake sitautaja. Wakati huo alikuwa meya, amekuja na watu kumi kutazama mabasi na mitaro ya maji machafu. Walipanda minibasi, yeye akakaa siti ya nyuma kabisa na kulala. Siku ya pili tukakwama foleni kabla ya lile handaki la chini ya mto, dakika arobaini, nami nikajisemea kimoyomoyo, nikidhani ni kimoyomoyo, "Mungu wangu, foleni gani hii?"

Sauti ikatoka nyuma. "Haraka haraka haina baraka."

Nilikanyaga breki bila sababu. Wale kumi wakayumba. Kule nyuma, meya alikuwa anacheka peke yake.

Ilivyokuwa ni hivi. Alipokuwa na miaka ishirini na mbili aliletwa kwenye reli ile ile ya baba yangu, kazi yake kushika fito mbele ya wapimaji. Alikaa porini miaka mitatu, na Kiswahili alifundishwa na vibarua. Kwa wembamba wake walimpa jina la Njiti, kama njiti ya kiberiti. Alinitajia Mlimba, alinitajia mbu wake, alinitajia mama mmoja aliyekuwa anawauzia ndizi za kuchoma, na mama huyo hata mimi namkumbuka. Akaniita ndugu, kama tulivyokuwa tunaitana nyumbani enzi hizo. Sijui kama mnaelewa maana ya kuitwa ndugu na mtu wa namna ile, katikati ya foleni ya London, wakati siku nzima watu wanakuita "dereva" au hawakuiti kabisa.

Tangu siku hiyo, kila alipokuja, ofisi iliambiwa aletwe dereva Sanga. Alikuja mara nne katika miaka tisa, na katika mara hizo nne nilimwona mtu akipanda mpaka juu na kushuka mpaka chini, kama mnavyoona ngazi za stesheni.

Mara ya pili alikuwa katibu wa chama wa jimbo. Kule kwao katibu wa chama ndiye mwenye jimbo. Gavana ni wa kusaini karatasi. Magari yalikuwa matatu. Begi hakubeba tena, wala mwavuli. Kulikuwa na msaidizi wa makamo, mwenye tai nyembamba, ambaye mkono wake haukuwahi kuwa mbali na kitasa cha mlango wa bosi. Huyo alikaa mbele, kushoto kwangu. Kiswahili hakujua. Lu akikaa nyuma alikuwa ananiuliza habari za nyumbani, na yule bwana alikuwa anatabasamu kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka mzaha ambao hakuusikia.

"Anadhani nakuuliza barabara," Lu aliniambia. "Mwache adhani."

Mara ya tatu alikuwa ameingia kwenye ile kamati ya juu kabisa, ya watu wachache wanaoongoza nchi nzima. Pikipiki za polisi zilitutangulia. Nilivaa suti mpya na Mzee Pravin aliosha gari kwa mikono yake mwenyewe. Nilijivuna, sitawadanganya. Nilimwambia mke wangu Tumaini kwamba mtu wa reli yetu sasa anatawala dunia.

Safari hiyo ndiyo niliona kitu cha kwanza ambacho sikukipenda. Tulipofika karibu na hoteli, ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama Wachina kama kumi wameshika picha. Mbele yao bibi mmoja mfupi, picha yake ni ya kijana mwenye miwani. Hakupiga kelele. Alikuwa ameinua picha tu.

Lu akasema, "Usipunguze mwendo, ndugu."

Sikupunguza. Tulizunguka tukaingia mlango wa nyuma, ule niliofundishwa na Mzee Pravin. Kesho yake, tukiwa njiani kwenda mkutanoni, Lu akaanza mwenyewe. Alisema yule bibi anamfahamu. Mwanawe alikuwa mwandishi wa gazeti kule jimboni, na kulikuwa na daraja lililojengwa haraka kwa amri ya Lu ili lizinduliwe siku ya sherehe. Daraja likaanguka na watu. Kijana akaandika. Lu akasema, "Hukuniuliza yuko wapi."

Nikasema mimi ni dereva.

"Ndiyo," akasema. "Dereva mzuri."

Nimeyafikiria maneno hayo miaka mingi, na sijaamua kama alinisifu.

Siku hiyo hiyo alinisimulia alivyopanda. Kulikuwa na mzee mmoja wa chama aliyemtoa kijijini baada ya reli, akampeleka chuo, akamwozesha mke, akamfanya meya. Baadaye mzee yule akakosana na wakubwa zaidi. Kikaitwa kikao, ikaulizwa nani anakubali apelekwe kwenye sheria. "Mikono ikainuliwa," Lu aliniambia, kwa Kiswahili kile cha porini kisicho na mapambo. "Wangu ulikuwa wa tatu. Ukiinua wa kwanza, una haraka. Ukiinua wa mwisho, una shaka." Msaidizi akatabasamu kwa kuchelewa. Lu aliangalia nje mpaka tukafika.

Basi msije mkadhani ninawasimulia habari za mtakatifu. Lakini alikuwa na binti.

Binti alikuwa anaitwa Lian. Alikuja London kusomea uchoraji wa majengo, akapata kazi, akakaa kwenye fleti ndogo kule Limehouse. Baba yake aliniomba niwe namsaidia akihama nyumba au akitoka safari. Huyu alivunja sheria zote za Mzee Pravin, maana alikaa siti ya mbele, akaniita anko, na kunigawia maandazi yao ya mvuke mpaka gari likanuka vitunguu. Tulizungumza Kiingereza. Siku moja aliniuliza huwa nazungumza nini na baba yake, kwa sababu aliwahi kuwa nasi garini na hakuelewa hata neno moja. Nikamwambia mbu na ndizi. Akasema, "Baba akiongea na wewe anacheka. Mimi hajawahi kucheka nikiwa naye peke yangu." Hakulisema kwa wivu. Alilisema kama mtu anayepima chumba.

Sasa nisikilizeni, maana dereva huona anguko la mkubwa kabla ya magazeti.

Mara ya nne Lu alikuja na watu wachache, pikipiki hakuna. Yule msaidizi wa tai nyembamba hakuwepo. Alikuwepo mwingine, mnene, mpole, na mara tu walipotoka uwanjani niliona kitu: msaidizi aliingia garini kwanza. Katika kazi yetu hilo halipo. Lu alijifungulia mlango mwenyewe. Hotelini wenzake walienda kula bila kumsubiri. Kwenye karamu alitoa mzaha, nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na kicheko kilitoka kwa Waingereza tu. Alikuwa amekonda tena, kama ile siku aliyogeuza kibao changu. Siku tatu hakusema nami neno la Kiswahili. Yule mnene alikuwa anageuka kumtazama kila alipokohoa.

Jumatano niliwarudisha uwanja wa ndege. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulipokuwa kwenye barabara kuu, kabla ya kuingia ule mchepuko wa kwenda kwenye ndege, Lu akaanza kuzungumza, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia hali ya hewa.

"Ndugu Sanga, endesha tu, usigeuke. Njiti anarudi kwao na hatoki tena. Mwambie mtoto asirudi nyumbani. Hata mama yake akimwita, asirudi. Hata mimi nikimpigia na kumwita, asirudi. Mwambie kwa mdomo, usitumie simu."

Yule mnene alinigeukia. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa adabu sana, bosi amesema nini. Nikamjibu kwamba ameuliza kama kwetu mvua zimeanza. Akauliza na mimi nimemjibu nini. Nikasema bado sijamjibu.

Basi nikasema kwa Kiswahili, macho kwenye barabara, "Nimesikia, Ndugu Katibu."

Uwanjani alinipa mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa baridi. Kisha akaenda, yule mnene nyuma yake na si mbele, kama askari na mfungwa wake, na hata hilo nililielewa.

Kutoka uwanja wa ndege mpaka Limehouse hata na foleni ni saa moja na nusu. Ningeweza kwenda moja kwa moja. Nilikwenda Kingsbury.

Mzee Pravin nilimkuta ofisini anakula chevda, zile karanga na dengu za kukaanga za Kihindi, kwenye bakuli. Nikamweleza. Aliweka bakuli chini, akafunga mlango. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine amesikia. Nikasema yuko mtu, ila hakuelewa. Akaniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Akanikumbusha kwamba nusu ya kazi za ofisi zilikuwa za ujumbe kutoka kule, na kuna madereva tisa, na kila mmoja ana watoto. Halafu akasema, taratibu, kama baba, "Sanga, ukianza kubeba maneno ya watu, hutabeba watu tena. Labda yule ana wazimu wa uchovu. Wakubwa wana mambo yao. Subiri uone."

Nikasubiri. Msidhani nilisahau. Alhamisi nilimpeleka mgeni Greenwich, nikapita mtaa wa pili kutoka kwa Lian, mikono ikageuza usukani upande wa pili yenyewe. Niliogopa kamera. Niliogopa kwamba kuna mtu kwenye gari la nyuma. Niliogopa kupoteza kazi nikiwa na miaka hamsini na ushee, nikaishie kupanga maboksi kwenye maghala ya Edmonton na mgongo wangu huu. Ijumaa Tumaini aliniuliza mbona sili. Nikamwambia. Akasema, "Nenda sasa hivi." Nikasema nitakwenda Jumapili baada ya kanisa, maana Jumamosi nina harusi mbili. Ndivyo nilivyosema. Harusi mbili.

Jumapili tulikuwa tunatoka ibadani wakati binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliponionyesha simu yake na kuniuliza kama huyu si yule mtu wangu. Picha ilikuwa ya Lu. Maandishi yalisema anachunguzwa kwa kuvunja nidhamu ya chama. Mkiniona leo natembea pole pole, siku ile nilikimbia kutoka kanisani mpaka nilipoegesha gari.

Mlinzi wa jengo la Limehouse alinifahamu. Alisema dada ameondoka jana asubuhi na sanduku moja dogo. Mama yake alikuwa mgonjwa, alipigiwa simu. Alimwachia mlinzi ua lake la chungu amwagilie, akasema anarudi baada ya wiki mbili.

Nilisimama pale risepsheni na funguo mkononi. Mlinzi akaniuliza kama kuna ujumbe wa kumwachia.

Yaliyofuata kwa Lu mengi mnaweza kuyabuni. Mwaka mzima hakusikika. Kisha ikatoka picha ya mahakamani: mzee wa nywele nyeupe kabisa kati ya askari wawili. Sikumtambua mpaka nilipoona mabega. Kumbe miaka yote nywele zile zilikuwa za rangi, na kule alikowekwa rangi haipo. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kwa rushwa, walisema, na daraja likatajwa pia. Kikao kilichomfukuza kilipiga kura, na habari ilisema hakuna aliyepinga. Nilifikiria ile mikono inavyoinuka, nani wa kwanza, nani wa tatu. Nilimfikiria na yule bibi wa picha, kama alipata habari, na kama zilimfaa kitu. Picha za Lu zikaondolewa kwenye kila ukuta. Hata ofisi yetu iliagizwa, kwa barua ya adabu, itoe kwenye tovuti picha ya ziara ile ya pikipiki. Mzee Pravin akaitoa. Mimi nilikuwa pembeni kwenye picha hiyo, nimeshika mlango, nikaondoka naye.

Kazi za ujumbe ziliendelea kuja. Hakuna aliyetugusa. Kile nilichokiogopa siku zile nne hakikuwepo kabisa, au kama kilikuwepo, hakikunijali mimi.

Mzee Pravin aliugua miaka mitatu baadaye. Nilimtembelea hospitalini, akaniomba nimkalishe vizuri kwenye mito, akaniambia, "Ile habari ya mtoto wa Mchina, Sanga. Nilikushauri vibaya." Nikamwambia mwenye miguu nilikuwa mimi. Hatukuizungumza tena, na baada ya wiki akafariki.

Mtaniuliza, basi ile sheria yake ni mbaya? Hapana, ishikeni. Siri za wageni si zenu. Mkisikia nani anaoa nani, nani anauza nini, nani kamtukana nani, iacheni ndani ya gari na mpige deki. Ila kuna siku mtu atakupa neno, halikudondoka tu mdomoni mwake, amekupa wewe mkononi, na uhai wa mtu umo ndani yake. Siku hiyo hakuna bosi wa kuulizwa wala sheria ya kusomwa. Mimi niliuliza kwa sababu nilitaka kuambiwa nisiende. Mtu akienda kuomba ushauri na tayari ana hofu, ataomba kwa yule atakayempa ruhusa ya kuogopa. Hilo hamtafundishwa kwenye mtihani wa leseni.

Nilikuwa nimeshastaafu mwaka mmoja wakati kengele ya mlango ilipolia nyumbani kwetu Edmonton, alasiri ya siku ya kazi. Alikuwa Lian. Ofisi yetu haikuwepo tena, lakini mwenye duka la vitambaa alimpa anwani yangu. Nywele amekata fupi, na kwenye paji la uso ana mistari ambayo umri wake haujaidai. Alivua viatu mlangoni. Tumaini akamletea chai, akakaa nasi, kisha alipoona mazungumzo yanaelekea wapi akaenda jikoni.

Alinieleza kwa kifupi. Mama yake hakuwa mgonjwa. Kulikuwa na wanaume wawili wamekaa naye alipopiga simu. Lian alichukuliwa pale pale uwanja wa ndege, akahojiwa miezi mingi juu ya mambo ya baba yake ambayo hakuyajua. Pasipoti ikazuiwa. Miaka saba aliishi na mama yake katika vyumba viwili kwenye mji mdogo, akifundisha watoto kuchora. Mama alifia huko. Baba aliruhusiwa kuonwa mara moja kwa mwaka, kwa simu, kioo katikati. Alifariki gerezani msimu wa baridi uliopita, na ndipo binti akarudishiwa pasipoti.

"Mara ya kwanza nilipomwona," akasema, "aliniuliza, 'Dereva alikuambia?' Sikujua anazungumza nini. Askari alikuwa anasikiliza. Lakini niliuona uso wake, anko, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akasema, 'Na bado ulikuja.' Akalia. Sijawahi kumwona akilia. Tangu siku hiyo kila mwaka alinitazama kama mtu ambaye mwanawe alijua hatari yote na akaja kwa ajili yake. Sikuwahi kumwambia vinginevyo. Amekufa akiamini hivyo." Akaweka kikombe chini. "Nataka kujua jambo moja. Ulipewa neno kweli, au alikuwa amechanganyikiwa?"

Ningeweza kusema alikuwa amechanganyikiwa. Lian angelala vizuri zaidi, na mimi pia. Nilitazama mikono yangu.

"Nilipewa," nikamwambia. "Jumatano. Nilikuja kwako Jumapili."

"Niliondoka Jumamosi."

"Najua."

Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia kwamba niliogopa kupoteza kazi, na kwamba Jumamosi nilikuwa na harusi mbili. Sikuongeza la Mzee Pravin, maana marehemu hajitetei. Nje basi lilipita, likasimama, likaondoka. Nilimsubiri anitukane, na nilitamani anitukane. Hakufanya hivyo. Aliniomba nimwambie maneno yenyewe, si kwa Kiingereza, bali kama baba yake alivyoyasema.

Nikayasema yote. Njiti anarudi kwao na hatoki tena. Mwambie mtoto asirudi nyumbani. Hata mama yake akimwita. Hata mimi. Nilikuwa sijayasahau hata herufi. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika mwisho aliomba niyarudie, nikarudia.

Kisha akaniuliza, kama angetaka kumjibu baba yake kwa lugha ile, angesemaje.

Nikamwambia, "Nimesikia, baba."

Akajaribu. Mara ya kwanza ulimi ulikwama kwenye "nimesikia". Nikamkatia vipande vipande, akavifuata, akarudia mpaka neno likanyooka, akalisema mara ya mwisho kwa sauti ndogo, hanitazami mimi, anatazama dirisha. Baada ya hapo akasimama, akamshukuru Tumaini kwa chai, akavaa viatu. Mvua ilikuwa imeanza. Nikachukua funguo za gari langu nimpeleke.

"Hapana," akasema. "Nionyeshe tu kituo cha basi."

Nikamwonyesha.